Njia Zilizopangwa kwa Alfabeti

Mimi sipendi vurugu, na sitaomba radhi kwa hilo. Kabla ya kujifunza kuandika programu nilikuwa mkutubi miaka tisa, na kitabu kikikaa rafu isiyo yake nilikuwa nakosa raha siku nzima. Kwa hiyo Jumatatu, nilipofungua faili la njia za tovuti ya chuo chetu, yaani orodha inayoonyesha kila anwani ifungue ukurasa gani, nikakuta mistari shaghalabaghala, 'thibitisha' juu, 'ada' chini, 'matokeo' katikati, nilisonya. Nikaichagua yote, nikaipanga kwa alfabeti, nikaipandisha kwenye seva. Ikapendeza macho, nikaenda kunywa chai.

Jumatano saa tatu asubuhi dada yangu akapiga simu. Siku hiyo, saa sita mchana, ndiyo ilikuwa mwisho wa waliochaguliwa kujiunga na chuo chetu kuthibitisha nafasi zao. Asiyethibitisha, nafasi yake anapewa mwingine. Binti yake alikuwa amechaguliwa kusomea ukunga, baada ya kukosa miaka miwili mfululizo.

"Mdogo wangu, mtoto kila akibonyeza kile kiungo mlichomtumia, anaambiwa 'Mwanafunzi huyo hayupo.'"

"Atakuwa amekosea."

"Amerudia mara sita!"

"Dada, kompyuta haina upendeleo wala chuki. Ikisema hayupo, hayupo. Orodha ilihakikiwa upya wiki iliyopita, huenda wamemtoa."

Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu huu huu. Nilikuwa na kazi nyingi, na simu za ndugu kazini zinanikera. Dada akasema, "Haya, nitamwambia."

Saa tano na robo, mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Profesa kwa sababu ya miwani yake tu, akanigeukia.

"Mbona tangu Jumatatu hajathibitisha mtu hata mmoja? Nani kagusa faili la njia?"

"Mimi. Nimelipanga."

"Usiniambie kwa alfabeti."

"Kwani kuna mpangilio mwingine?"

Alicheka mpaka miwani ikamteleza puani. "Ebo! Mkutubi wewe, utatuua!"

Seva yetu imeandikwa kwa lugha ya programu iitwayo JavaScript. Ombi la kufungua ukurasa likifika, husoma njia kuanzia juu kwenda chini, na ya kwanza kukubaliana nalo ndiyo inayolichukua. Za chini haziulizwi kitu. Kati ya njia zile ilikuwamo moja inayoanza na nukta mbili, ':namba', ambayo hupokea neno lolote na kulitafuta daftarini kana kwamba ni namba ya mwanafunzi. Aliyeandika faili aliiweka mwisho kabisa kwa makusudi. Lakini kompyuta ikipanga kwa alfabeti, nukta mbili hutangulia herufi zote. Kwa hiyo niliitoa mkiani mimi mwenyewe nikaipeleka kileleni, na kila aliyekuja kuthibitisha akadakwa pale juu. Neno 'thibitisha' likatafutwa kama namba, na bila shaka hakuna mwanafunzi mwenye namba hiyo.

Jamani, niliona haya! Nikairudisha njia ile chini, nikajaribu, ukurasa wa kuthibitisha ukafunguka. Kazi ya dakika mbili. Kila kiungo kilibeba namba ya mwombaji wake, na kumbukumbu za seva zilionyesha namba za waombaji arobaini na watatu waliogonga mwamba.

"Tunyamaze," nilimwambia Profesa. "Watakaojaribu tena watapita."

Akainua mabega, maana kosa si lake. Mimi nikampigia dada.

"Nipe mtoto."

"Kajifungia chumbani tangu saa tatu. Hataki kula, hataki kusemeshwa."

"Mgongee, dada. Haraka!"

Nilisikia mlango ukigongwa, kisha sauti iliyokauka kwa kulia. "Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hukukosea, wala hukutolewa. Nimekosea mimi. Bonyeza kile kiungo sasa hivi, nipo hapa nakusubiri."

Akavuta kamasi, akabonyeza. Saa tano na dakika thelathini na nne jina lake likaingia kwenye orodha. Nilipiga meza kwa furaha.

"Nimeliona! Hongera, mkunga wetu!"

Hakushangilia. "Mama mdogo, nisingejaribu tena. Uliposema huenda wamenitoa, niliamini. Nilishaanza kuchana vyeti."

"Najua, mwanangu. Nisamehe."

"Mimi umenipigia. Hao wengine nani anawapigia?"

Nilimwambia akanawe uso, nikachapa zile namba arobaini na mbili zilizobaki, nikaenda kubisha hodi kwa msajili.