Salamu Baada ya Somo

Darasa langu halikuwa na watundu. Lingekuwa na watundu ningelala usingizi mnono, maana watundu nawajua. Nilianza kazi hii kwa vijana wa sekondari, na kanuni kumi na mbili nilizozibandika ukutani kwa wino wa rangi tatu. Kufika mapumziko, kanuni ya nne ilikuwa imeota masharubu. Kufika mwisho wa wiki karatasi nzima ilikuwa ndege, inapaa juu ya kichwa changu nikiwa nimegeukia ubao. Vijana wale walinifundisha bure somo ambalo chuoni nililipia ada na sikulipata: kanuni iwe moja, na anayeiweka awe tayari kuchukiwa kwa ajili yake.

Sasa nilikuwa na watu wazima waliotaka kujua kusoma, na watu wazima hawa walikuwa wastaarabu. Hapo ndipo kazi ilipokuwa.

Walikuja saa kumi jioni, watoto wa darasa la kwanza wakishaondoka, wakajikunja kwenye madawati yaliyopimwa kwa magoti ya watoto. Alikuwepo fundi cherehani, ambaye tepu ya kupimia haikumtoka shingoni. Alikuwepo msusi, mwenye vidole visivyotulia. Ukimkalisha nyuma ya mtu mwenye nywele, somo likiisha mtu huyo ana mistari miwili. Na alikuwepo muuza nyama tuliyemwita Bucha, bonge la mtu, ambaye dawati lilimvaa badala ya yeye kulikalia. Wote walikuwa na hamu ya kusoma. Na wote walikuwa wamelelewa vizuri kupita kiasi.

Nasema hivyo kwa sababu ya salamu. Mimi naandika ubaoni silabi tunazoanzia kila somo, "Ba, be, bi," wanaitikia vizuri, kisha mlango unalia na msusi anaingia.

"Hamjambo humu ndani?"

"Hatujambo, za kwako?"

"Nzuri tu. Fundi, mguu unaendeleaje?"

"Muulize mwenyewe, mimi haunisikilizi siku hizi."

Kicheko. "Na mama watoto?"

"Mzima, anakusalimu. Kasema umemsuka hadi macho yamepanda."

Kicheko tena. Bucha anaulizia wagonjwa, wagonjwa wanaulizia wafiwa. Salamu inazunguka chumba kama sinia, na kila mtu lazima achukue chake. Ikimaliza mzunguko, mlango unalia tena, na anayeingia naye hawezi kukubali aonekane hakulelewa. Siku nyingine tulifika "bi" jua likizama.

Bingwa wao alikuwa mama mkwe wangu.

Mama alikuja darasani kwa sababu ya bintiye aliyeolewa mbali, ambaye alimwandikia ujumbe kwenye simu kila wiki. Ujumbe huo alisomewa na mwenye duka, na mwenye duka alikuwa na sauti ya kuuzia mchele. Kwa hiyo mtaa wote ulijua mimba za wifi yangu kabla hazijatimiza mwezi. "Nataka nisome mwenyewe, nicheke mwenyewe, nilie mwenyewe," Mama alisema siku aliyojiandikisha. Lakini kuwahi hakuwahi. Aliondoka nyumbani mapema kuliko mimi, akasalimia njia nzima, akaingia mwisho, akamsalimia kila mtu kwa jina la mwanawe wa kwanza, kisha akanigeukia: "Na wewe mwanangu, umekula?" Darasa zima likasubiri nijibu kama nimekula.

Ofisi ya mkuu wa shule ilipakana na chumba chetu. Jumatatu moja alinisimamisha kwenye varanda, miwani mkononi.

"Mwalimu, chumba nilikupa cha kufundishia."

"Nafundisha, mkuu."

"Mimi nasikia baraza. Wiki nzima nimejua hali ya mguu wa mtu nisiyemfahamu." Akavaa miwani. "Ijumaa nitaingia. Nikikuta darasa, mtabaki. Nikikuta baraza, chumba nakifunga, maana walimu wangu wanakihitaji."

Chumba kingine hakikuwepo. Kituo cha karibu kilikuwa ng'ambo ya mji, na Bucha asingefunga bucha, wala msusi asingeacha kichwa cha mtu nusu, kwenda ng'ambo ya mji kusoma ba, be, bi. Kikifungwa, wameishia hapo.

Kesho yake saa kumi nilifunga mlango, nikawaambia hivyo hivyo bila kupaka sukari. Kisha nikasema, "Tunaweka kanuni. Moja tu. Mlango ukishafungwa, anayeingia anakaa kimya na anafungua kitabu. Asisalimie, asiitikiwe. Salamu zote baada ya somo, tutasalimiana hadi tuchoke."

Ungedhani nimewaambia waje uchi.

"Mwalimu," Bucha alisema, "mimi nikimpita mtu mzima bila kumsalimia, nyama yangu ataila nani?"

"Nje msalimie. Humu ndani, baada ya somo."

"Na akinisalimia yeye?" msusi akauliza. "Nimkodolee macho kama mbuzi?"

"Mkodolee kitabu."

Fundi alivuta tepu yake upande mmoja, akaivuta upande wa pili. "Mimi sina neno. Ila naomba kuuliza, mwalimu. Kanuni hii inamhusu na Bibi?"

Bibi ndivyo walivyomwita mama mkwe. Chumba kilitulia kuliko siku zote nilizokiomba kitulie.

"Bibi ni mwanafunzi," nikasema.

"Haya," akasema fundi, "sisi ni macho tu." Wakanyoosha mikono, mmoja mmoja, wakakubali. Nadhani nusu walikubali ili waone sinema.

Haikuchelewa. Mlango ulilia, Mama akasimama kizingitini na kipochi chake kwapani.

"Hamjambo, wanangu?"

Vitabu vilifunguka vyote. Bucha alikuwa amekishika chake juu chini, lakini alikikazia macho kama mtu anayesoma hukumu.

"Jamani, hamjambo?"

Nikasema, kwa sauti niliyoitafuta chini kabisa ya kifua, "Karibu ukae, Mama. Tumekubaliana salamu ziwe baada ya somo."

Alinitazama. Akawatazama wao. "Nani kakubaliana?"

"Darasa."

"Mimi si darasa?"

"Ni darasa, Mama. Ila saa kumi hukuwepo."

Msusi alitoa mlio wa mtu aliyemeza kokwa. Mama akakibana kipochi kwapani, akageuka, akaufunga mlango taratibu, kwa adabu iliyouma kuliko kubamiza.

Niligeukia ubao. "Be" yangu ya jioni ile ilikuwa na tumbo la wajawazito wawili. Lakini niliiandika.

Sasa kumbuka kwamba nyumba tuliyokaa ilikuwa yake. Chumba chetu mimi na mume wangu, jiko, kamba ya kuanikia, vyote vyake. Nilipofika nilimkuta anachambua mboga. Nikapiga magoti mbele yake kama kila siku. "Habari za kutwa, Mama?"

Akachambua mboga.

Asubuhi nilimsalimia tena. Akapuliza chai yake. Jioni nilimsalimia, akamwambia paka kuwa siku hizi salamu zina muda wake, asubiri atatangaziwa. Mume wangu aliona haya kwa niaba yetu sote wawili.

"Muombe radhi yaishe," aliniambia chumbani. "Ni mama yangu, ni mtu mzima, umemwaibisha mbele za watu. Kwani ungemwitikia ungepungukiwa nini?"

"Ningepungukiwa na darasa."

"Basi kanuni isimhusu yeye tu."

"Ikimwacha yeye, kesho itamwacha Bucha kwa sababu ni mnene, na fundi kwa sababu ya mguu. Hapa nyumbani nitampigia magoti mpaka yaote sugu. Darasani, hapana."

"Una kichwa kigumu kama yeye," akasema, akageukia ukutani.

Jumatano Mama hakuja darasani. Alhamisi hakuja. Wenzake walikaa kimya kama nilivyotaka, wakasoma vizuri kama nilivyotaka, na walinitazama kama mtu aliyeuza ng'ombe wa ukoo. "Tumefika mbali, mwalimu," fundi alisema akikusanya vitu vyake. "Ila Bibi angekuwepo tungefika na raha." Nilifuta ubao. Nilichokifahamu ni kwamba jioni ile wifi angeandika, na ujumbe wake ungesomwa dukani kwa sauti ya kuuzia mchele.

Ulisomwa. Nilimwona Mama akirudi kutoka dukani, simu imefumbatwa, midomo imebanwa. Tulipokaa kula alimwambia mwanawe, mimi nikiwa hapo hapo napakua:

"Muulize mwalimu wenu, wamefika wapi?"

Mume wangu akanigeukia. "Mama anauliza mmefika wapi."

"Mwambie tumeanza kusoma sentensi nzima."

"Mama, wameanza kusoma…"

"Nimesikia, sina pamba masikioni. Muulize, hizo sentensi ni ngumu?"

"Mwambie mlango unafungwa saa kumi," nikasema, "na kabla ya hapo uko wazi, na kitabu chake kipo juu ya dawati lake."

Alikula hadi akamaliza. Kuomba radhi sikuomba. Nilitamani, nakuapia. Lakini kesho yake ilikuwa Ijumaa.

Ijumaa niliwahi kufungua madirisha, nikamkuta Mama amekaa. Dawati la mbele, kipochi magotini, mgongo umenyooka. Hakunisalimia, nami sikumsalimia. Mlango haukuwa umefungwa, lakini nilijua ninajaribiwa. Wenzake waliingia mmoja mmoja, wakamwona, wakafurahi, wakafungua midomo, wakakutana na uso wake, wakaifunga. Saa kumi nikausukuma mlango.

Niliandika ubaoni: Nimefika salama. Nitakupigia simu kesho. Msusi alikuwa anahangaika na "salama" mlango ulipolia, na mkuu wa shule akaingia na tabasamu la mgeni rasmi.

"Habari za jioni, wanafunzi wetu!"

Bucha aliinuka nusu, dawati likainuka naye. Halafu akakumbuka, akakaa, na dawati likakaa. Wote walinitazama mimi. Mama hakumtazama mkuu hata kidogo. Alinikazia macho, na sikuhitaji kuambiwa anachokisubiri. Salamu ya mama mkwe ilikuwa imekataliwa. Sasa imekuja ya bosi, mwenye chumba na mwenye kufuli. Nikiiitikia hii, basi kanuni ilikuwa ya kumkomoa mwanamke mzee. Nisipoiitikia, huenda hili ndilo somo letu la mwisho.

"Karibu, mkuu," nikasema. "Kuna nafasi pale nyuma. Salamu tunasalimiana baada ya somo."

Alicheka, akadhani ni utani. "Nimesema habari za jioni," akarudia.

Walisikika njiwa wa kwenye paa. Tabasamu lake lilianza kuondoka upande mmoja wa uso. Nilitaka kueleza, nilitaka kubembeleza, lakini mkono wangu ulikuwa bado unaonyesha dawati la nyuma, nikauacha hapo hapo. Ulianza kuuma begani.

Mama akanyoosha wake juu. Hakuwahi kunyoosha mkono tangu aanze. Yeye husema tu.

"Mwalimu, naomba nisome."

"Soma, Mama."

Akasimama, akaweka kidole hewani akifuata maneno kutoka mbali. "Ni… me… fi… ka. Nimefika. Sa… la… ma." Akarudisha kidole mwanzo. "Nimefika salama. Ni… ta… ku…" Hakuna aliyemsaidia. Bucha midomo yake ilikwenda naye bila sauti, kama mama anayelisha mtoto. "…si… mu. Ke… sho. Nitakupigia simu kesho."

Akaketi. Kule nyuma nilisikia dawati dogo likilia chini ya mtu mzima. Mkuu alikuwa amekaa, magoti karibu na kidevu, na alikaa hivyo mpaka nilipoweka chaki chini na kusema, "Somo limekwisha. Salamu."

Maskini, hakujua. Walimvamia. Habari za jioni, mkuu, habari za kazi, mama hajambo, watoto wangapi, mkubwa yuko darasa la ngapi, na mgongo, maana tumeona ulivyoinuka. Fundi alimweleza historia ya mguu tangu mwanzo. Mkuu aliitikia, akaitikia, akajikuta naye anauliza. Alipofanikiwa kufika mlangoni, kola imelegea, aliniambia kwa sauti ya chini:

"Hii ndiyo ilikuwa inafanyika kila anapoingia mtu?"

"Kila anapoingia mtu."

Akavua miwani, akaifuta. "Hukunipa hata uso, mwalimu. Mimi."

"Sikuweza, mkuu."

"Nimeona." Akaivaa. "Jumatatu leteni chaki zenu. Zangu mnazimaliza."

Tulirudi nyumbani pamoja mimi na Mama, yeye mbele hatua mbili, akisalimia kulia na kushoto, mimi salamu yangu bado sijaipata. Tulipopita dukani mwenye duka alimwita, akamwambia alete simu kama kuna jipya. Mama akamjibu simu ni nzima na inamsalimu. Mbele kidogo akapunguza mwendo nikamfikia.

"Yule bwana ungemwitikia," akasema bila kunitazama, "ningehama darasa. Na nyumba."

"Nyumba si ni yako, Mama?"

"Ndiyo nakwambia. Ningekuhamisha wewe."

Akanipa kipochi nimbebee, kizito utadhani kina matofali, akaendelea kutembea. "Haya, hujambo? Umekula?"