Kabati Lililozibwa Pua

Nyumba ile ya mbao kule Pasadena ilikuwa imepakwa rangi nyeupe mara nyingi mno, hata Verna Odegaard alipoikwangua jikoni aliapa kwamba chumba kimepanuka shubiri nzima. Chini ya rangi hiyo kulikuwa na mbao zenye rangi ya asali, alizoziranda baba yake kwa mkono mwaka 1911. Verna hakufurahi. Alichemka.

"Nani anapaka rangi mbao kama hizi? Hata shetani angeomba ruhusa kwanza!"

Mpakaji mwenyewe alisimama mlangoni: Curtis, mtoto wa kaka yake, aliyeipangisha nyumba hiyo kwa watu miaka ishirini. Leo alikuja na nyundo kubwa. Alitaka kuvunja kabati refu la babu yake, lenye rafu za waya, friji ya milango miwili ipate pa kukaa.

"Shangazi, linanuka. Eti babu alikuwa akipoza chakula humo bila umeme! Hadithi hizo."

"Sogea na hiyo nyundo, nikupoze wewe."

Verna alipiga magoti, akapeleka mkono chini ya kabati. Utotoni hapo palitoka hewa ya baridi kutoka uvunguni mwa nyumba, ikapanda kwenye rafu na kutokea darini. Sasa aligusa bati. Akainua macho: bati jingine.

"Nani kapigilia haya?"

"Mimi. Huku panya, kule mvua."

"Loo! Mtu umemziba pua na mdomo, halafu unamlaumu hapumui!"

"Basi lizibue, Shangazi, tuone miujiza."

"Tena tutaona! Siagi huku, siagi kule mezani. Ya kabatini ikiyeyuka, vunja. Isipoyeyuka, jiko zima utalikwangua wewe."

Curtis alicheka, akakubali.

Verna aling'oa mabati kwa koleo huku akimsuta kwa kila msumari. Chini akafunga wavu wa panya, juu akaweka kofia ya kukinga mvua: kazi ya robo saa, ambayo Curtis aliikwepa miaka ishirini. Joto la Agosti siku hiyo, kwa kauli ya Verna, lilifanya mijusi waazimane viatu.

Alasiri siagi ya mezani ilikuwa imekwisha kuwa mchuzi, inatiririka kuelekea mlangoni. Curtis akafungua kabati, akabonyeza ile nyingine kwa kidole gumba. Ilikuwa ngumu. Akabonyeza tena.

Verna akamnyang'anya nyundo, akamtia kikwangulio mkononi.

"Anza na mlango. Na usigune-gune hapo, unalimalizia kabati hewa."