Mwongozaji Marehemu Aja Saluni

Jumapili saluni haikupokea wateja, kwa hiyo msusi aliitumia kupigia filamu yake ya kutisha. Mdogo wake ndiye aliyekuwa pepo: alipakwa unga usoni, akavishwa wigi lililochanwa kinyumenyume. Walirudia tukio la pepo kutokea nyuma ya kioo mpaka mdogo mtu akaanza kupiga miayo. Halikumtisha hata paka.

Msusi alijihesabu mwanafunzi wa mwongozaji mmoja, ingawa hawakuwahi kuonana. Tangu utotoni alizitazama filamu zake za mashetani mpaka kanda zikachakaa. Mwongozaji huyo alipofariki, msusi alivaa nyeusi kama aliyefiwa na baba mzazi.

Asubuhi hiyo ya Jumapili marehemu aliingia saluni, akaamkiwa, akaketi chini ya draya. Msusi alimweleza shida yake, akamwomba amfundishe alivyoipiga ile filamu ya kisima, iliyowatoa watu wazima ukumbini mbio, viatu wakaviacha.

Marehemu alijikuna kidevu. "Kusema kweli, mwanangu, hayo muulize mama watoto. Mimi kazi yangu ilikuwa kusema 'anza' na 'kata'."

Mkewe, naye marehemu, alikuwa mlangoni akikung'uta udongo kwenye viatu. Aliingia, akamtazama pepo, akamfuta unga. Alieleza kwamba mtu haogopi anachokiona, huogopa anachokaribia kukiona. Basi pepo awape watazamaji mgongo, asukwe taratibu, na kamera imngoje ageuke. Mdogo mtu alipogeuka, msusi, aliyembeba mgongoni tangu akinyonya, aliangusha kitana. Wakacheka wote mpaka machozi.

Msusi alimuuliza mama yule mbona jina lake halimo katika filamu hata moja.

"Waliniambia bango halina nafasi," alisema, akaomba chai.

Siku ya maonyesho ukumbi ulifurika, marehemu na mkewe wakiwa wameketi safu ya mbele. Watu walipiga mayowe, kisha wakayacheka mayowe yao. Majina yalipoanza kupita, la mama likitangulia, walikuwa wameshasimama kumkimbilia marehemu. Walisema mkono wake unaonekana filamu nzima. Msusi alijaribu kuwaeleza ukweli. Wakamsifu kwa unyenyekevu wake. Halafu wakataka picha ya pamoja.

"Mama, hebu tusaidie kutupiga," mmoja alisema, akimpa mke simu.

Mama aliipokea bila kinyongo. Akawasogeza wafupi mbele, akamwambia mumewe afunge kifungo cha shati. Picha ilitoka nzuri ajabu. Walipokezana simu wakiitazama, wakakubaliana kwamba mzee yule, hata kifo hakijamnyang'anya ustadi.