Gadeni ya Taaka

Haji Hamuza alipokuwa akikata roho katika hospitali moja mjini Tororo, mkewe Hajarah ndiye pekee aliyekuwa kando ya kitanda. Shafic, mdogo wa marehemu, alikuwa ametoka kununua maji. Kwa hiyo maneno ya mwisho ya mzee yaliingia katika masikio ya mtu mmoja tu, na mtu huyo angekuwa na uwezo angeyarudisha yalikotoka.

"Gadeni ni ya Taaka," Haji alisema. "Usimnyang'anye."

Kisha akatamka shahada, akaenda zake.

Hajarah alimlilia mumewe kama inavyopasa, lakini njiani kurudi na maiti Lumino, kwao mumewe, machozi yakakauka ghafla na swali likakaa mahali pake. Taaka? Taaka alikuwa mjane wa Oguttu, dereva aliyefia barabarani na lori la Haji. Alikuwa yule mwanamke Msamia mwembamba aliyefika kila asubuhi na mkasi mkubwa kuja kupunguza maua, akaamkia kwa kupiga magoti, akafanya kazi yake, akaondoka bila kusikika. Mtu wa kutumwa sabuni dukani. Leo mtu huyo aachiwe bustani?

Na bustani yenyewe si ya kupita ukaiacha. Nyumba ile ya matofali mekundu ilijengwa zamani za ukoloni na Mzungu mmoja wa biashara ya pamba, na Mzungu huyo inaelekea alikuwa na wazimu wa mistari. Mbele ya baraza alipiga viwanja vinne vya mraba, kila kimoja kikazungushiwa ua mfupi wa majani uliokatwa ukanyooka kama ukingo wa meza. Njia za matofali zilikutana katikati, penye birika la maji lililojengwa kwa mawe, na waridi zilipangwa kandokando kwa rangi, nyekundu zisichanganyike na nyeupe. Mti wa kushoto ulikuwa na pacha wake kulia. Maharusi wa Busia na Tororo walikuja Jumamosi kupigwa picha pale, wengine wakaweka hema wakala pilau yao papo hapo, na tangu malori ya Haji yauzwe kwa ajili ya matibabu, maharusi hao ndio walioweka sufuria jikoni. Kumpa mtu bustani ile na wewe ubaki na nyumba ni kama kumpa uso ukabaki na kisogo.

Lakini tuseme kweli, si maharusi waliomkosesha Hajarah usingizi. Alitaka kujua ni kwa nini. Mume wa mtu hampi mwanamke mwingine bustani ya waridi wakati anakufa, ila kama... Sentensi hiyo hakuimaliza hata siku moja, maana ilikuwa na mwisho mmoja tu. Alikuwa amempenda Haji, jamani. Alitoka kwao Mombasa akamfuata hadi mpakani, akakaa dukani Busia upande wa Kenya miaka na miaka huku mume akizunguka na malori, na uzeeni wakahamia nyumba hii wapumzike pamoja. Sasa alikaa eda bila kujua anamkalia nani.

Kuficha wasia wa maiti ni dhambi, na hilo alifundishwa tangu madrasa. Akaficha.

Siku ya arubaini, baada ya dua, Shafic alikohoa kile kikohozi cha watu wanaotaka kuzungumzia mali. Hajarah alikuwa tayari. Aliogopa kwamba mazungumzo yakirefuka yatafika bustanini, na mtu atauliza marehemu alisema nini, na yeye atalazimika ama kusema au kudanganya. Akaona bora amtupie shemeji yake kitu mapema.

"Lile shamba la chini, la kule kinamasini nisikowahi kufika, chukua wewe," alisema. "Mimi niachieni nyumba na bustani."

Shafic alimtazama. "Shemeji, una hakika? Lile la chini?"

"Chukua."

Shafic akachukua. Jikoni, wanawake waliokuwa wakimenya ndizi walisikia, na mmoja wao alikuwa Taaka.

Kesho yake Taaka hakuja kazini. Kesho kutwa alikuja, akapiga magoti kama kawaida, akashika mkasi. Hakuuliza lolote. Ukimya huo ndio uliomtia Hajarah wasiwasi kuliko kelele zozote. Mtu asiye na lake jambo angesema pole, angesema mzee alikuwa mwema, angesema chochote. Huyu alinyamaza kama mtu anayesubiri kitu chake kiletwe.

Basi Hajarah akahamishia kiti chake dirishani, ghorofani, akawa mlinzi wa mtu mmoja. Taaka akicheka na njiwa, anacheka nini? Taaka akifuta birika kwa upindo wa lesu yake, mbona analifuta kwa mapenzi hivyo? Akitoka kwenda kwake husema, "Nimemaliza kompaundi, Hajati," na Hajarah huitikia kwa midomo mikavu, akiyapima maneno hayo kwa ndani na nje, asipate kitu.

Kisha akagundua jambo. Kila asubuhi, kabla ya kukata jani lolote, Taaka alikwenda hadi pembe ya mwisho ya bustani, pale ardhi inapoanza kuteremka, akasimama akitazama bonde. Alisimama sana. Wakati mwingine alijishika kiuno, wakati mwingine mdomo. Kutoka dirishani Hajarah hakuweza kuona anachokitazama kwa sababu ya miti, na kushuka kwenda kuangalia aliona ni kujishusha. Akajiambia kwamba pale ndipo walipokuwa wakikutana.

Angeweza kuuliza mtu. Lakini amuulize nani? Jirani wa karibu alikuwa Barbara, muuza samaki, mcheshi na mkarimu, ila jambo ukimwambia asubuhi, adhuhuri limeshafika sokoni na limeongezwa chumvi. Hajarah akaona afadhali aumie peke yake. Akajikaza kisabuni, akaendelea kutazama.

Mvua za vuli zilipoanza, Taaka alifika na gunia begani. Aliliweka nyuma ya ua wa kiwanja cha mwisho, akatazama dirishani, na Hajarah akarudisha kichwa nyuma ya pazia. Alipochungulia tena, Taaka alikuwa amechuchumaa akichomeka vijiti ardhini. Kijiti baada ya kijiti, kwa mstari, kufuata ukingo wa bustani.

Hajarah akainuka kitini. Huyu anapima. Huyu anaweka mipaka yake mchana kweupe, mwenye nyumba akiwa juu. Alishuka ngazi bila viatu.

"Taaka. Unafanya nini hapo?"

Taaka akapiga magoti. "Naweka hii miti kidogo, Hajati. Isikauke. Mimi nitaondoa."

"Unaweka mipaka."

"Mpaka ya nini?"

"Usinifanye mtoto." Hajarah alipaza sauti, na hakujali. "Najua alichokuahidi. Nilikuwepo anakufa. Nilisikia kwa masikio yangu."

Taaka aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi walitazamana machoni, na Hajarah, aliyekuwa amejiandaa kuona aibu, akaona hasira.

"Kumbe Haji alikuambia," Taaka akasema taratibu. "Mimi nilikuwa nasema, labda ugonjwa ilimkamata hakusema. Kumbe alisema. Na wewe ukafanya vile."

"Nikafanya vipi? Bustani si hii hapa? Nani ameigusa?"

"Bustani ni nini?"

"Hii. Waridi. Haya maua yote. Si ndiyo aliyokupa?"

Taaka alitazama waridi, akatazama birika, akamtazama Hajarah kana kwamba amepungukiwa akili. "Hajati, mimi nafanya nini na maua? Hii ni kompaundi ya nyumba yako. Haji alinipa gadeni."

"Ndiyo. Gadeni."

"Gadeni," Taaka akarudia, akanyoosha mkono kuelekea bonde. "Ya kulima. Baba ya Oguttu alilima pale, Oguttu akalima, mimi nalima. Muhogo yangu, mtama yangu. Oguttu alipokufa na gari, Haji alikuja kwangu akakaa chini, akasema Taaka, hii gadeni hakuna mtu ataitoa kwako. Hii miti ni mbegu ya muhogo. Nimeokota kwa wale watu wa matofali kabla hawajachoma."

Hajarah alilirudia neno hilo moyoni. Kwao Mombasa gadeni ni Kizungu cha bustani, basi, hakuna zaidi. Na Haji, miaka yote ya ndoa, alipozungumza naye alisema bustani, kwa sababu alipenda kumuiga Kiswahili chake na kumchekesha. Lakini mtu anayekufa haendelei kuongea Kiswahili cha mkewe. Alikuwa amerudi kwenye maneno ya mama yake, na mke wake hakuwamo humo.

Akaenda hadi pembe ya bustani, akasimama pale Taaka aliposimama kila asubuhi. Kutoka pale bonde lilionekana lote. Shamba halikuwepo. Palikuwa na mashimo, mengine yameshajaa maji mekundu, na matanuri ya matofali yakitoa moshi, na wanaume wakikata udongo kwa sepetu pale muhogo ulipokuwa.

Shafic alikuwa kule chini akisimamia kazi. Hajarah alimteremkia hivyo hivyo peku, matope yakimpanda hadi vifundoni, akamwambia wasia neno kwa neno. Shafic alivua kofia.

"Siku ile ile hospitalini? Na hukusema?"

"Nilidhani ni bustani ya maua."

"Shemeji, huku kwetu gadeni ni pahali pa jembe. Hata mtoto anajua." Aliangalia tanuri lake. "Ungeniuliza tu."

"Uliponiuliza kama nina hakika, ulikuwa unajua nini?"

"Nilijua kaka aliwaachia kina Oguttu walime. Nikafikiri labda mmeongea na Taaka, mmemalizana. Ulinipa, nikachukua." Hakuwa na raha usoni, lakini hakuwa pia na udongo wa kurudisha. Mashimo yalikuwa yamekwenda chini kuliko kimo cha mtu.

Hajarah alipanda kilima polepole. Alikuwa na furaha, na furaha hiyo ilimtia aibu hata akashindwa kuinua uso. Haji hakuwa amemdanganya. Alikuwa mume wake tu, mume mwema, aliyekumbuka deni lake la mwisho akamkabidhi mtu aliyemwamini. Na mtu huyo alichukua riziki ya mjane akaitupa kwa mkono wake mwenyewe, kwa wivu, akiamini anatoa kitu kisicho na maana.

Taaka alikuwa bado amechuchumaa kando ya ua, aking'oa vijiti vyake kuvirudisha guniani.

"Acha," Hajarah akasema. "Vijiti hivyo vipande hapa."

"Hapa kwa maua?"

"Ng'oa maua. Lima vyote vinne. Hii ndiyo gadeni yako sasa, sina nyingine ya kukupa."

Taaka hakufurahi. Alimtazama kama mtu aliyeonyeshwa mtego. "Hapana, Hajati. Watu watasema."

"Watasema nini?"

"Wewe unajua kitu watasema. Hata wewe ulisema, ndani ya roho. Mimi nilikuwa nakuona kwa dirisha."

Hajarah akakaa chini, mbele yake. Alimwomba msamaha, kwa maneno hasa, si kwa kuzungukazunguka, na akamwambia kwamba atakayeuliza atajibiwa na yeye mwenyewe. Ilichukua siku kadhaa za kubembeleza kabla Taaka hajakubali, na alipokubali hakutabasamu. Alisema tu kwamba wajukuu anaowalea hawali heshima.

Alikuja na jembe siku ya soko, akaanzia kiwanja cha karibu na baraza. Hajarah aliketi barazani akatazama, kwa sababu aliona ni haki yake kutazama. Ua ule wa mistari, uliotunzwa tangu kabla ya kuzaliwa kwake, ulitoka kwa mapigo machache. Waridi nyekundu zililala juu ya nyeupe. Kila pigo lilimuuma, na aliliacha limuume.

Barbara alikuwa akipita njiani na karai lake la samaki. Akasimama, akashika ua wa nje kwa mkono mmoja.

"Hajati, huyu Taaka anaharibu maua ya Haji hivi, umemruhusu?"

"Ni gadeni yake. Haji alimwachia."

Barbara alimtazama Taaka, mgongo ule mwembamba ukipanda na kushuka, kisha akamtazama Hajarah. Hajarah aliutambua mtazamo huo. Alikuwa ameutumia yeye mwenyewe tangu mazishi.

"Haji alimwachia?" Barbara akauliza kwa upole mno. "Yeye Taaka?"

Hajarah alimweleza. Alimweleza kuhusu neno gadeni, na Mombasa, na Oguttu na lori, na shamba la chini, na kosa lake mwenyewe, bila kujificha. Kadiri alivyoeleza ndivyo maelezo yalivyorefuka, na kadiri yalivyorefuka ndivyo Barbara alivyozidi kuitikia kwa kichwa, pole pole, kwa huruma, kama watu wanavyomwitikia mke anayemsitiri mumewe.

"Nimeelewa, dada yangu," akasema hatimaye. "Mungu akutie nguvu."

Alijitwika karai, na badala ya kuendelea na njia ya kwake, akageuka kurudi sokoni.