Wembe wa Hosiyat

Turdiali, kinyozi wetu, alichukuliwa jeshini vuli ya mwaka wa arobaini na moja. Kufikia Januari ya arobaini na tatu, wazee wa kijiji chetu, nje kidogo ya mji wa Margilan, walikuwa na vichwa kama vichaka. Vijana wote walikuwa vitani. Trekta liliendeshwa na mwanamke, ofisi ya shamba la ushirika aliishika mwanamke, hata barua tuliletewa na mwanamke. Lakini wembe? Hapo wazee waligoma.

Hosiyat, mke wa Turdiali, alijifunza kunyoa kwenye ngozi ya kondoo. Kisha akaninyoa mimi, jirani yake, niliyekuwa nimetoka kuugua homa na nywele zinanipukutika. Hakunikata hata kidogo. Basi akafungua duka la mumewe.

Mzee Kochkor, mwenye sauti kubwa kuliko wote, alisimama mbele ya mgahawa wa chai akatangaza, "Mkono wa mwanamke hautagusa kichwa changu!"

"Mkeo anakigusa kwa mwiko kila siku," Hosiyat akamjibu kutoka ng'ambo ya njia.

Watu walivunjika mbavu, lakini wiki mbili zikapita bila mteja.

Ndipo kipaza sauti cha nguzoni kikatangaza kwamba Wajerumani wamesalimu amri Stalingrad. Tulilia, tukacheka, tukakumbatiana. Mwenyekiti wetu, Bi Saltanat, akapanda juu ya mkokoteni akasema, "Ijumaa anakuja mpiga picha wa gazeti la askari. Wanetu wanataka kuwaona baba zao!"

Nikawaona wazee wakivua kofia na kujipapasa vichwa kimyakimya.

Alhamisi mchana nilikuwa kwa Hosiyat tukinywa chai. Mlango wa nyuma ukagongwa. Alikuwa mzee Nishon, mpima pamba.

"Nimekuja kuulizia habari za mumeo," akasema.

"Hajambo. Kaa kitini, baba."

Alikaa haraka mno. Nusu ya kichwa ilipokwisha kung'aa, mlango ukagongwa tena. Nishon akaruka na povu lake, akajichimbia nyuma ya rundo la mifarishi.

Aliyeingia alikuwa mzee Mamarasul, mlinzi wa ghala. Yeye alikuja "kuazima ungo." Naye akanyolewa nusu, naye akasikia hodi, naye akakimbilia mifarishi. Tukasikia huko nyuma, "Loo! Na wewe?" kisha, "Shhh!"

Wa tatu alikuwa Kochkor mwenyewe.

"Hosiyat mwanangu," alinong'ona, "haya yasitoke humu ndani."

"Yatatokaje, baba? Tuko sisi tu."

Akamnyoa taratibu. Alipofika nusu, kutoka kwenye mifarishi kukatoka chafya ya kutikisa dirisha.

"Nini hiyo?"

"Paka," Hosiyat akasema.

"Alhamdulillahi," mifarishi ikasema.

"Yarhamukallahu," Kochkor akajibu kwa mazoea. Kisha akageuka polepole. "Huyo paka wako amesilimu lini?"

Mimi nilikuwa nimeuma kitambaa changu nisicheke. Rundo likaporomoka, na wazee wawili wakatokea wakiwa wamenyolewa nusu vichwa. Watatu hao wakatazamana.

"Mnafiki wewe!" akafoka Nishon.

"Mimi? Wewe je, uliyetangulia?" Kochkor akamrudishia.

Hosiyat akafunga mlango kwa komeo, akasimama na wembe mkononi. "Baba zangu, nisikilizeni. Nitamalizia vichwa vyote vitatu. Lakini kesho, mbele ya watu wote, mtasema ni nani aliyewanyoa. La sivyo, mtapigwa picha hivyo hivyo."

"Hiyo ni vita!" akalalamika Mamarasul.

"Ndiyo. Na Stalingrad mmeisikia."

Kochkor alitafuna masharubu yake kwa muda mrefu. Mwishowe akakaa tena kitini. "Anza na mimi. Mimi ndiye mkubwa."

Ijumaa, mbele ya kijiji kizima, Kochkor alivua kofia, akainamisha kichwa na kukohoa. "Hosiyat," akasema. Jioni ile foleni ya wazee ilifika kisimani.

Turdiali alirudi vita vilipokwisha, bega moja limekakamaa. Aliingia dukani, akaangalia foleni, akanyoosha mkono kuutaka wembe.

"Kaa foleni, mwanangu," Kochkor akamwambia. "Unahitaji kunyolewa."

Turdiali akatutazama sote, akamtazama mkewe, akacheka hadi akalia. Kisha akavua kofia yake ya jeshi, akakaa nyuma ya Mamarasul.