Ufito wa Loisi

Watu wa bwawani Hombolo walikatazwa nyavu kwa gari la kipaza sauti. Gari lilipita, likatimua vumbi, likawahi chakula cha mchana mjini. Yoramu alibaki mlangoni na wavu begani, wavu alioanza kuutegemea baada ya ng'ombe wake kuisha kwa kumtibia mkewe, Loisi. Zahanati ilipakwa rangi mpya, ila dawa hazikuwamo, na Loisi akafa. Walioahidi dawa wanaahidi mpaka leo. Sasa wamesema ruhusa ni ndoano tu, samaki wazaane. Wao samaki wanaletewa kwenye sahani.

Lakini lililomkaa kooni lilikuwa la binti yake, Anjelina, aliyeolewa Nzuguni. Safari iliyopita alimkuta baba anakula ugali wa uwele kwa chumvi. Hakugomba. Alifunua chungu, akakifunika, akasema akirudi Jumapili akakuta vile vile, watafunga mlango waondoke wote, akaishi kwake Nzuguni. Yoramu alimjua mwanawe: likishamtoka, limetoka. Na kaburi la Loisi liko nyuma ya nyumba. Atalipalilia nani?

Basi akaenda kwa Uwesu, mvuvi anayeuza fito za kuvulia kando ya bwawa. Uwesu alimpa shikamoo, akamtandazia fito chini achague. Yoramu alichagua kama Mgogo aliyekulia machungani anavyochagua fimbo: kuupima ufito kiganjani, kuukunja gotini, kuchapa nao hewa mpaka uvume. Alioupenda ulikuwa mnene, mzito kichwani, wa kumrudisha fahali.

"Mzee wangu," Uwesu akasema, "unakwenda kuvua au kuswaga?"

Waliokuwa wakiparua samaki wakacheka. Uwesu akamweleza taratibu kwamba perege hana vita. Anadokoa chambo kama mgeni mwenye haya, na ufito mzito haukuletei habari zake. Achukue ule mwembamba pale. Yoramu aliushika, akaona aibu, kana kwamba kapewa unyasi wa ufagio. Siku hizi kila mtu anamfundisha. Akaondoka na ule mnene.

Juma zima alikaa ukingoni. Minyoo ililiwa, ndoano ikarudi tupu. Kila alipovuta alikuwa amechelewa. Alilaumu maji, akalilaumu gari la kipaza sauti. Jumamosi bega likagoma kabisa. Alirudi nyumbani akajilaza juu ya ngozi, ndiyo yote iliyobaki ya ng'ombe wake, akatazama juu.

Kwenye boriti ulichomekwa ufito wa Loisi, wa mti wa mkole, mrefu, mwembamba, umekolea moshi. Kwa ufito huo Loisi alikuwa akiamia ndege shambani: anabandika kidonge cha udongo mbichi nchani, anaupunga, kidonge kinaruka hadi katikati ya kundi la kwelea kwelea. Ndege ya serikali ya kupulizia sumu ilikuja kila mwaka kwa maneno. Aliyefika shambani alfajiri ni Loisi. Yoramu alikuwa akimcheka, akimwambia huo si ufito, ni unywele. Loisi alimwonyesha tu uwele ghalani.

Aliuchomoa. Pa kushikia palikuwa peusi, pamelika kwa kiganja cha Loisi. Ili mshipi usiteleze ilibidi akate mfuo nchani, na kisu kikamkaa mkononi. Mle nyumbani hakikuwamo kitu kingine chenye alama ya mkono wa mkewe.

Akakata.

Jumapili alikuwa bwawani kabla ya kengele ya kanisa. Bega halikulalamika. Jua lilipoanza kuuma, kitu kikamgonga kiganjani, polepole, kama mtu anayemgusa aliyelala asimshtue. Yoramu akainua mkono.

Anjelina alifika mchana na mfuko mtupu wa kuhamishia nguo za baba. Akafunua chungu. Perege wembamba walikuwa kwenye mchuzi. Akakifunika. Nje aliuona ufito umeegemezwa ukutani, mshipi bado umelowa. Akaugeuza, akaupapasa ule mfuo.

"Umeukata wa mama."

"Wangu ulikuwa mzito."

Anjelina akakaa kwenye kigoda. La Nzuguni hakulitaja. Aliukunja mfuko ukawa mdogo, akaukunja tena, akauweka chini ya paja, kisha akamuuliza baba kama maji yako motoni au asonge ugali mwenyewe tangu mwanzo.