Wiki Sita za Majani ya Narsisi

Gerbrand alikuwa mtu wa usafi, na usafi huo ndio uliomponza. Mtaani kwao Hillegom, mji mdogo wa Uholanzi, madirisha ya sebule hayana pazia, na Jumamosi kila mtu yuko nje anafagia, anapunguza matawi. Sasa narsisi, maua yale ya manjano yatokayo baridi ikiondoka, yakishanyauka huacha majani yaliyolala ovyo. Wengine waliona majani. Gerbrand aliona aibu. Alitoa mashine ya nyasi akafyeka yote.

Mkewe Jorina alimsihi. Vitunguu vya maua yale, yaani mbegu zake za ardhini zinazochipua kila mwaka, alivitoa shambani kwa marehemu baba yake. Akamweleza kuwa kitunguu hulishwa na majani; ukiyakata mabichi unakilaza njaa, na mwakani hakichanui. Aliomba wiki sita tu, yakauke yenyewe. Gerbrand akasema majirani watadhani nyumba haina watu. Miaka mitatu akafyeka, na kila mwaka maua yakapungua.

Mwaka wa nne Jorina akaugua ugonjwa usiopona. Kitanda chake kikawekwa sebuleni, mbele ya dirisha, naye akataka jambo moja tu: kuziona narsisi za baba yake. Machi nzima Gerbrand alikuwa akichungulia. Majani yalitoka tele. Ua hata moja, wapi! Akatia mbolea, akamwagilia, lakini maskini, alikuwa ameshachelewa.

Asubuhi moja akaketi kando ya kitanda.

"Nimekukosea, Jorina. Ni mimi niliyeziua."

"Hazijafa, zina njaa," Jorina akasema. "Kila mwaka nilikuwa nakuona hapo nje na hiyo mashine yako. Nikachoka kusema."

"Mwaka huu sikati."

"Usikate, basi. Hata wakija watu wa mazishi."

Walikuja baada ya wiki tatu. Majani yalikuwa yameanguka hadi njiani, watu wakayaruka. Shemeji yake akaishika mashine ili asafishe kidogo. Gerbrand akamnyang'anya mbele za watu, na hakuona haya.

Machi iliyofuata narsisi zilichanua bustani nzima, hata jirani akabisha hodi kumpongeza. Gerbrand akashukuru, akafunga mlango, akalia. Laiti zisingechanua! Angejidanganya kwamba udongo ulikuwa umechoka. Sasa alijua kwa hakika kuwa mkewe alimwomba wiki sita tu, naye akamnyima.